"Wakinifungia kadi, nitahamia benki nyingine": dhana zinazowaponza wafanyabiashara

Nimeisikia sentensi hiyo kwa wateja wangu, wafanyabiashara wanaoogopa kuzuiwa na benki kupokea malipo ya kadi, hadi imenichosha, na huwa inasemwa kirahisi, kana kwamba mtu anabadilisha laini ya simu. Anayeisema kwa kawaida ana barua ya onyo mkononi, ameisoma nusu, amekasirika, na anachotaka kwangu ni jina la benki isiyouliza maswali mengi. Benki ya kweli isiyouliza haipo. Kuna orodha moja ambayo wengi huisikia kwa mara ya kwanza wakati majina yao yameshaingia.

Orodha hiyo ni MATCH, ya wafanyabiashara walioachwa na benki zao, inaendeshwa na Mastercard, na wakongwe wa kazi hii bado huiita kwa jina lake la zamani, TMF. Benki inayokupokelea malipo ya kadi ikiachana nawe kwa sababu mojawapo iliyotajwa na kanuni (chajibeki kupita kiasi, udanganyifu, kupitisha miamala ya mtu mwingine, kutotimiza PCI DSS, kufilisika na nyinginezo), inatakiwa ikuandikishe ndani ya siku 5. Rekodi hiyo hukaa miaka 5. (Chajibeki ni malipo ambayo mwenye kadi ameyapinga kwa benki yake na fedha zikatolewa kwako; PCI DSS ni kanuni za usalama wa data za kadi.) Benki nyingine ikipokea maombi yako hupekua orodha kabla ya kukupa mashine ya kadi. Na usiniambie utabaki na Visa peke yake: benki zinazopokea Visa kwa kawaida ndizo hizohizo zinazopokea Mastercard, na upekuzi ni mmoja.

Kinachoandikwa si jina la biashara tu. Huandikwa anwani, namba za simu, namba ya mlipakodi na majina ya wamiliki wakuu. Ndiyo maana mbinu ya kusajili kampuni mpya kwa jina la mke, mume au shemeji hukwama mapema. Upekuzi huleta hata taarifa zinazokaribiana: simu ileile, jengo lilelile, mkurugenzi yuleyule aliyegeuzwa kuwa "mshauri". Hata ukipenya, umejaza fomu ya maombi kwa taarifa za uongo, na hilo peke yake linatosha kukufungia tena.

Kisha yuko yule mjanja zaidi: "Basi nitavunja mkataba mimi kwanza, kabla hawajanifungia." Kanuni ilishamfikiria. Haijalishi nani aliyevunja. Kama sababu ya kuandikishwa ilikuwapo wakati mkataba unavunjwa, benki inapaswa kukuandikisha vilevile.

Na jina likishaingia, Mastercard hawalifuti kwa sababu umewaandikia barua ya kusikitisha. Anayeweza kuliondoa kabla ya miaka 5 ni benki iliyoliweka, na njia ni mbili tu: iwe iliandikisha kimakosa, au sababu iwe PCI DSS na sasa umetimiza masharti. Kwa hiyo swali la kwanza kuiuliza benki, kwa maandishi, ni namba ya sababu. 04 ni chajibeki, 12 ni PCI DSS. Mwenye 12 ana kazi ya kufanya na tumaini la haki. Mwenye 04 aliyeandikishwa kwa haki, akimlipa wakala anayeahidi "kusafisha jina", anaongeza hasara juu ya hasara.

Niwe mkweli: kuwa kwenye MATCH si marufuku ya kisheria. Zipo benki zinazopokea wafanyabiashara wa hatari kubwa, na zinaweza kukuchukua. Lakini ada hupanda, sehemu ya mauzo yako huzuiliwa kama dhamana, na biashara yenye faida nyembamba haiwezi kubeba mzigo huo. Zile huduma za mtandaoni zinazokuunganisha kwa dakika chache nazo si mlango wa nyuma. Nazo zinawajibika kwa benki iliyo nyuma yao. Zinakuingiza haraka kwa kuwa sehemu kubwa ya uchunguzi huja baadaye, ukiwa umeshaanza kuuza, na ndiyo maana hufunga akaunti haraka vilevile.

Mbaya kuliko yote ni kuazima mashine ya rafiki. Unauza wewe, malipo yanapita kwake, mnagawana. Ninyi mnaona ni kusaidiana, kanuni zinaona ni utakatishaji wa miamala, sababu namba 03, na rafiki yako aliyekuwa salama naye anaingia kwenye orodha. Mtu akinieleza mpango huu, kikao chetu huwa kifupi.

"Nilishinda chajibeki, kwa hiyo haihesabiki." Inahesabika. Ukishinda, fedha zinarudi, lakini katika uwiano wa Mastercard, yaani chajibeki zako zikigawanywa kwa miamala yako, chajibeki ilishaingia siku ilipofunguliwa. Zaidi ya hapo, katika uwiano huo kinachohesabiwa ni idadi wala si thamani. Mteja aliyepinga malipo ya kitabu kimoja ana uzito sawa na aliyepinga malipo ya jokofu.

Hesabu yenyewe ina mtego ambao wauzaji wa msimu hawauoni. Mastercard huchukua chajibeki za mwezi huu na kuzigawa kwa miamala ya mwezi uliopita, na mpango wake wa onyo huanza kukuhusu ukifikisha chajibeki 100 na uwiano wa 1.5% kwa pamoja. Chukua duka la mtandaoni lenye miamala 12,000 Desemba na 4,000 Januari. Wateja wa Desemba wanaokerwa na mizigo iliyochelewa wanapinga malipo Februari, jumla 110. Ukizigawa kwa miamala ya Desemba, ambako ndiko zilikotoka, hazifiki hata 1%. Lakini zinagawanywa kwa ile 4,000 ya Januari, na uwiano unasoma 2.75%. Mwenye duka anaapa kwamba hakuna kilichobadilika, na hadanganyi. Kilichopungua ni miamala ya kugawia. Kwa kuandikishwa MATCH kwa sababu 04 kipimo ni kikali zaidi kwa asilimia: chajibeki za mwezi mmoja zikizidi 1% ya miamala ya Mastercard ya mwezi huohuo, na thamani yake kwa jumla ikifika dola 5,000 za Marekani.

"Mteja akipinga, namrudishia fedha haraka, yanaisha." Yangeisha kama ungerudisha kabla hajaenda benki. Chajibeki ikishafunguliwa, fedha zimeshatolewa kwako, na ukirudisha tena kwa mkono wako umelipa mara mbili. Kuipata ile ya pili ni kazi.

Hapa wateja wangu huanza kutabasamu kwa sababu wanajua ninachokuja kusema: nenda ukaangalie jina linalotokea kwenye taarifa ya benki ya mteja. Nunua kitu kwako mwenyewe kwa kadi yako, kisha usome. Ukikuta jina la kampuni mama lililokatwa katikati, ambalo halifanani hata kidogo na jina la duka, umeshaona chajibeki zako kadhaa zinatoka wapi. Mtu anaona malipo asiyoyatambua, anapiga simu benki, anasema hajui haya ni ya nani. Badilisha liwe jina ambalo mnunuzi alilisoma wakati ananunua, na kama mfumo unaruhusu weka na namba ya simu inayopokelewa. Inayopokelewa, narudia. Watu hulipia programu ghali za kuzuia udanganyifu huku jambo hili la bure likiwakaa mlangoni.

Kuhusu dhana kwamba akaunti ikifungwa mnamalizana: hapana. Kwa aina nyingi za madai mwenye kadi ana hadi siku 120 za kupinga, na kwa bidhaa iliyolipiwa mapema siku hizo zinaweza kuanza kuhesabiwa kuanzia siku iliyopaswa kumfikia. Benki inajua hivyo, ndiyo maana huzuia fedha zako kwa miezi, na miezi 6 ni jambo la kawaida. Kinachowaangusha wengi ni hizo fedha zilizozuiliwa kuliko hata mauzo yanayopotea: mishahara ilitegemea mauzo ya wiki iliyopita, na mauzo hayo yamekaa kwa benki.

Biashara za malipo ya kila mwezi zina tatizo lao tofauti. Kadi za wateja hazikukaa kwako, zilikaa kwa mtoa huduma wa malipo kama tokeni, yaani namba mbadala za kadi, na tokeni hizo hazifanyi kazi kwa mwingine. Akaunti ikifungwa leo, mwezi ujao unawaomba wote waingize kadi upya, na wengi hawatajisumbua. Usijaribu kulitatua kwa kuandika namba za kadi kwenye faili lako. CVV, ile namba fupi ya usalama ya kadi, hairuhusiwi kuhifadhiwa baada ya muamala kuidhinishwa, hata ikifichwa kwa usimbaji, na ukikutwa nayo tunarudi kwenye ile sababu namba 12. Fungua mkataba wako sasa, wakati mambo ni shwari, utafute kifungu kinachosema kama mtoa huduma atahamisha data za kadi kwenda kwa mwingine aliyetimiza PCI DSS, na baada ya siku ngapi. Kama kifungu hicho hakipo, omba kiongezwe kabla hujasaini tena.