Sliki siyo tairi kipara, tuelewane

Siku hizi hapa Mbeya kila tairi lililoisha kashata (yale meno na mifereji ya juu ya tairi) linaitwa sliki. Kijana ana Altezza, tairi za nyuma zimekwisha mpaka nyaya zinachungulia, ukimwambia abadilishe anakujibu "kaka hizi sliki, za mbio hizi, zinashika lami balaa". Na washkaji wanaitikia!

Haya, sliki ni tairi la mbio lililotengenezwa bila kashata ili mpira mwingi zaidi uguse lami kavu. Maana ni hiyo tu, ila shika hapo kwenye "lililotengenezwa", maana ndo watu wanaporuka.

Sliki imevikwa mpira laini makusudi, ukipata moto unanata mpaka unaokota changarawe. Kipara ni kinyume, mpira wake wa maana ulishaishia barabarani huko Tunduma, uliobaki ni wa chini karibu na nyaya, umepigwa jua na moto miaka na miaka umekakamaa. Bonyeza kwa kucha, sliki inabonyea, kipara kucha inateleza. Halafu soma ubavuni kwenye mstari wa namba unaoanza na herufi DOT zile namba nne za mwisho, mbili za mbele ni wiki na mbili za nyuma ni mwaka, ukikuta 1114 ujue limetoka kiwandani wiki ya 11 mwaka 2014, sasa mtumba huo unaupeleka mbio gani jamani.

Kuna wanaobisha kwamba kashata ndo zinaongeza kushika. Kwenye lami kavu hapana. Formula 1 kuanzia 1998 mpaka 2008 walilazimishwa kutumia tairi zenye mifereji ili magari yapunguze spidi kwenye kona, sliki zikarudi 2009. Kazi ya kashata ni kutoa maji, na kung'ata udongo kama kwenye rali za Iringa. Huku kwetu mvua inaanza Novemba mpaka Aprili huko, sliki ikikutana na maji pale Mlima Nyoka inaelea tu, usukani unakuwa pambo.

Na sliki zenyewe hazifanani. Ya dragi, zile mbio za kunyoosha moja kwa moja ambazo kampuni ya M&H ya Marekani ilianza kuzitengenezea tairi miaka ya 1950 mwanzoni, ina ubavu mlaini unaojikunja gari likiondoka, upepo unawekwa mdogo sana, nyingine hata chini ya PSI 10, na kabla ya kuondoka dereva anaichoma kwanza ipate moto. Ya sakiti, zile mbio za kuzunguka uwanja wa lami, inakata kona raundi nzima kwa hiyo ubavu wake mgumu, haitaki kuyumba. Ukichukua ya dragi ukashuka nayo kona za Kitonga, gari litacheza kama limelewa, na hapo tairi halina kosa.

Sasa kama gari ni la kwenda nalo kazini na siku moja moja unataka kulikimbiza, kuna tairi za katikati, zina kashata chache na mpira laini, zinaruhusiwa barabarani. Ubavuni tafuta neno TREADWEAR, yaani kipimo cha tairi kuchakaa, likiwa na 200 au chini ya hapo ndo zenyewe, za kawaida mara nyingi ni 300 kupanda, na jiandae kuzibadilisha mapema maana zinaisha haraka. Hizo ukiziita semi sliki sikubishii.