Familia inapofunga safari kuhudumia makao ya yatima: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kila mwaka familia za Kikristo kutoka Marekani, Uingereza na kwingineko huja Afrika kwa wiki mbili tatu, baba, mama na watoto, kuhudumia makao ya yatima. Wamechangiwa na kanisa lao, wameombewa, wamejaza masanduku nguo na madaftari. Upendo wao ni wa kweli, na sina neno nao. Shida iko kwenye dhana wanazokuja nazo, ambazo sisi tunaowapokea mara nyingi hatuzisahihishi.

"Watoto wale hawana mtu."

Hii ndiyo dhana kubwa, na ndiyo inayozaa nyingine. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi katika makao duniani wana mzazi aliye hai. Isitoshe, UNICEF humhesabu kuwa yatima hata mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu. Kwa hiyo mtu akisikia mamilioni ya yatima Afrika, asidhani wote hawana baba wala mama. Wengi wana mama, bibi, shangazi au kaka mkubwa.

Kinachowafikisha makaoni mara nyingi ni umaskini, ugonjwa, ulemavu wa mtoto, au umbali wa shule. Mjane aliyeshindwa na karo huambiwa, "Mlete, atakula na kusoma," naye anampeleka huku moyo unamuuma. Yakobo 1:27, aya inayosomwa katika karibu kila ibada ya kuaga wasafiri hawa, inawataja yatima na wajane pamoja. Mara nyingi mjane huyo ndiye mama wa yatima yule! Mama akipata mtaji wa kuuza mboga, sare za shule na matibabu, mtoto analala kwao.

"Mtoto akinikumbatia, nimemponya."

Gari la wageni linasimama. Mtoto wa miaka mitatu anakimbia moja kwa moja kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, anamng'ang'ania shingoni, hataki kushushwa. Mgeni anatokwa na machozi ya furaha. Lakini mtoto wa umri huo aliyezoea kulelewa na watu wake, aghalabu angejificha kwanza nyuma ya kanga ya mama, achungulie, apime. Kumrukia kila mgeni bila kusita kunaweza kuwa dalili kwamba mtoto hajapata mtu mmoja wa kumtegemea.

Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, ulifuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi za kulelea watoto. Waliohamishiwa mapema kwenye familia za malezi, yaani familia zinazomlea mtoto asiye wao, hasa kabla ya kutimiza miaka 2, walipata nafuu kubwa kiakili na kimahusiano kuliko waliobaki. Mtoto anahitaji mtu yuleyule leo, kesho na mwakani. Kila kundi linapopunga mkono na kuondoka, anaachwa upya.

Kama familia imekwisha kufika, basi ifue, ipike, itengeneze paa, na mikono ya kumbeba mtoto iwe ya mlezi wa kila siku, yule anayejua nani huota ndoto mbaya na nani hali maharage. Ningependa kila kiongozi wa safari alishike hili kabla ya mengine yote.

"Makao yakiongezeka, watoto wengi wataokolewa."

Fedha na wageni vikifuata makao, vitanda lazima vijazwe, na wapo watu wanaozunguka vijijini kuwatafuta watoto wa kuvijaza. Mwaka 2018 Australia ilitambua usafirishaji haramu wa watoto kwenda makaoni kuwa aina ya utumwa wa kisasa. Kenya ilikuwa imekwisha kusimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, kisha ikazindua mkakati wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, unaotanguliza familia na jamii.

"Kazi ya Mungu haihitaji makaratasi."

Inahitaji. Viza au ruhusa ya kuingia kama mtalii si kibali cha kujitolea: Tanzania ina kibali cha ukaazi cha daraja C, Kenya ina kibali cha daraja I kwa kazi za dini na hisani. Makao yanayompokea mtu yeyote bila kuuliza cheti cha polisi cha tabia njema yanapaswa kukutia wasiwasi. Na picha ya mtoto haiwekwi mtandaoni bila idhini ya mwenye dhamana naye.

"Makao yakifungwa, watoto watatupwa."

Rwanda iliamua mwaka 2012 kuachana na makao ya yatima, ikiwa na watoto 3,323 katika makao 33. Haikufunga milango kwa siku moja. Ndugu walitafutwa, familia za malezi zikaandaliwa, wahudumu wa ustawi na wanasaikolojia wakaajiriwa, na vijijini wakachaguliwa watu wa kujitolea waitwao Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia, ili kuzifuatilia nyumba kwa karibu. Kanisa linaloweza kulipia tiketi tano za ndege linaweza pia kulipia nauli na mshahara wa mhudumu wa ustawi anayemrudisha mtoto kwa bibi yake, akarudi mwezi ujao kuona wanaendeleaje.