Meza ya ngozi haikaangwi

Huu ni uso wa meza wa tatu kuletewa tangu mwaka uanze. Ngozi ya milimita 5, inanata kama sufuria ya maandazi, na vumbi la Igogo, hapa Mwanza, limeganda juu yake. Mwenye meza akaniambia yaleyale: “Fundi, si ngozi tu? Ilikuwa ngumu, nikaimiminia alizeti ilainike.”

Hapana, mama. Ugumu ule si ugonjwa. Ngozi ya meza tunaitaka ngumu: imeivishwa kwa magome ya miwati, nyuzi zake zimebanana, ndiyo maana ukiandika juu yake kalamu haizami. Kazi ya mafuta ni kuzifanya nyuzi ziteleze zisikatike zikisuguana, na kwa hilo kidogo kinatosha. Yakizidi, nyuzi zinaachana, ngozi inatanuka, inafanya mawimbi, na hairudi tena.

Halafu alizeti! Mafuta hayo yakikaa hewani hula oksijeni taratibu, yakageuka ulimbo. Pitisha kidole kwenye shingo ya dumu lako la jikoni, ule utando wa njano usiotoka hata kwa sabuni. Huo ndio uliomo kati ya nyuzi za meza yako, nami siufikii. Hata nikinyunyiza unga wa muhogo ulale usiku kucha, utanyonya ya juu tu. Yaliyoganda ndani yatabaki.

Ninayotumia mimi ni mafuta ya miguu ya ng’ombe. Mnywa makongoro yeyote hapa Mwanza anayafahamu: mafuta ya tumboni yakipoa yanaganda jiwe, ya miguuni yanabaki majimaji. Lakini msiyaengue kwenye supu! Yale yana chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa ziwa. Chemsha miguu bila chumvi, engua, chuja, yakaushe maji. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe. Kisha uache siku nzima. Nasisitiza, siku nzima, kwa sababu hapa ndipo hata mafundi wanapoharibu: baada ya saa moja wanaona mabaka makavu, wanaongeza. Mafuta husafiri polepole ndani ya ngozi nene. Mabaka mengi ya jioni hayapo asubuhi.

Mengine kwa haraka. Kukunja pembe ni kazi ya maji, si mafuta: lowesha, funga kwenye nailoni ilale, kunja ngozi rangi yake inapokaribia kurudi ile ya awali. Gundi kabla ya mafuta, la sivyo haishiki. Misumari iwe ya shaba. Ya chuma ikikutana na tanini, ile dawa ya magome inayoivisha ngozi, inaacha doa jeusi.

Kwenye nta ya nyuki nina shaka na mazoea yangu mwenyewe. Zamani nilipaka pande zote mbili kuzuia ukungu. Siku hizi upande wa nyama, yaani ule wa chini uliokuwa umegusana na nyama ya mnyama, nauacha wazi ili unyevu ulioingia upate pa kutokea, na meza zangu za karibu na maji zinaonekana kuvumilia zaidi. Huenda ni kwa sababu nimejifunza pia kuziacha ngozi zikauke vizuri kabla ya kuzibandika.

Ya mama nimeibandua, mbao ni nzima. Ngozi mpya iko kwenye nailoni tangu jana jioni.