China inawauzia watu wote, kasoro Wachina wenyewe

Naulizwa sana hili swali, nchi ina watu bilioni 1.4 halafu inahangaika na wateja wa nje wa nini? Si ina soko lake? Inalo ndiyo, ila hela haziko mifukoni mwa hao watu.

Matumizi ya kaya China hayafiki hata asilimia 40 ya pato la taifa, Marekani ni kama 68. Hapo utasikia oh Wachina wana utamaduni wa kuweka akiba, mimi hiyo siikubali kabisa. Chukulia mtu katoka kijijini anapiga kazi kiwandani Shenzhen, usajili wake wa makazi, ile hukou, mara nyingi umebaki kijijini, kwa hiyo kumpatia mtoto shule ya serikali mjini ni mtihani, matibabu ndo usiseme, na wazazi wake kule wanapokea pensheni ya kama yuan 200 kwa mwezi. Huyo anunue sofa mpya kweli?

Sasa hizo akiba hazilali. Miaka yote zimepita benki kwa riba ndogo zikajenga viwanda, reli na maghorofa, soko la nyumba lilipoanza kuporomoka 2021 mikopo mingi ikahamia viwandani, viwanda vikazidi kuzalisha, na mzigo usio na mnunuzi ndani lazima utoke nje. Ndo maana ziada ya biashara ya bidhaa, yaani walichouza nje kuzidi walichonunua nje, 2024 ilikaribia dola trilioni 1. Kwa hiyo ukiweka ushuru mpakani bila mgao wa kipato kule ndani kubadilika, mzigo unatafuta tu bandari nyingine.

Na wakubwa wanajua, tena zamani. Wen Jiabao akiwa waziri mkuu alishasema 2007 kwamba ukuaji wao hauna uwiano. 2020 wakaja na sera ya mzunguko pacha, soko la ndani liwe mhimili na la nje lisaidie, kwenye karatasi safi sana. Utekelezaji sasa: 2024 walitenga yuan bilioni 150 za ruzuku, unarudisha friji au gari kuukuu unapunguziwa bei ya jipya, 2025 ikapanda hadi bilioni 300. Mauzo yalichangamka, ila aliyenunua friji mwaka huu mwakani hanunui tena. Kima cha chini cha pensheni ya vijijini 2024 kiliongezwa yuan 20 kwa mwezi. Ishirini!

Ningekuwa mshauri wao ningeanzia hapo kwenye pensheni na hukou, kabla ya friji. Shida ni kwamba nusu ya VAT inabaki kwa serikali za mikoa na miji, so kiwanda kipya kwao ni mapato, wakati mhamiaji akipewa hukou ni shule na hospitali za kugharamia.