"Akitaka anajizuia": si kweli

Mtu akiletwa kwangu kwa hasira za ghafla au kuropoka, ndugu zake huanza na kauli ileile: "Akitaka anajizuia, huo ni ukaidi tu." Nimechoka kuisikia, maana mgonjwa naye yupo pale anasikia, na wengi huja wameshaiamini.

Kujizuia ni kazi ya ubongo, na inapimika. Kipimo kimoja ni hiki: kwenye kompyuta unabonyeza kitufe kila uonapo mshale, ila mlio ukisikika usibonyeze. Mlio ukichelewa kidogo tu, kidole kimeshakwenda, hata uwe na nia njema kiasi gani. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban milisekunde 200 hadi 250 kusitisha kitendo alichokwisha kukianza. Hapo sehemu ya mbele ya ubongo, hasa upande wa kulia, hushirikiana na kiini cha sabthalamasi, fungu dogo la seli lililoko ndani kabisa ya ubongo. Mnyime mtu usingizi usiku mmoja, makosa yanaongezeka. Pombe nayo humchelewesha kabla hata hajaanza kupepesuka. Msongo mkali humwaga noradrenalini na dopamini, kemikali za ubongo, kupita kiasi, na sehemu ya mbele hulegea. Wenye ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kukosa umakini, kwa wastani huchelewa kusitisha kuliko wenzao, na methilfenidati, dawa ya tatizo hilo, huwasaidia. Ingekuwa ukaidi, kidonge kingesaidiaje?

Wapo pia wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, ambao, wakianza dawa zinazoiga dopamini, hujikuta wanacheza kamari au kununua vitu ovyo, watu waliokuwa waangalifu maisha yao yote. Dawa ikipunguzwa, mara nyingi tabia hiyo hutulia. Ukiona hivyo, mwambie daktari wake upesi. Usimkaripie, wala asiache dawa mwenyewe.

Mengine ninayoulizwa kuhusu kujizuia nayajibu kwa ufupi. Kijana wa miaka 18 hajakomaa kiubongo. Sehemu ya mbele huendelea kukua hadi katikati ya miaka ya ishirini. Ile hoja kwamba uwezo wa kujizuia huisha kadiri unavyoutumia ilijaribiwa upya na maabara 23 kwa watu zaidi ya 2,000, matokeo yakatoka mwaka 2016: athari ilikuwa karibu na sifuri. Michezo ya simu ya "kunoa ubongo" hukufanya hodari wa mchezo huohuo, basi.

Mimi huanza na usingizi: analala saa ngapi, anakoroma, anaamka amechoka? Ndugu hudhani nakwepa swali lao. Sikwepi, anayekoroma na kukatikiwa pumzi usiku namtibu hilo kwanza, ndipo tuzungumzie tabia.