Kishikio kikielea, usikisahau kijiti cha mbele

Wengi wanaoniletea bunduki za AR-15 hapa Ohio, Marekani, wana lalamiko linalofanana. Wamelipia mtutu mzuri, wamefunga kishikio kinachoelea (ganda la kushikia linalozunguka mtutu bila kuugusa), wameweka vilengeo vya chuma, kitundu nyuma na kijiti mbele juu ya kishikio hicho, na bado risasi hazitulii. Wakipiga mezani juu ya mifuko ya mchanga, matundu yanakaa katikati. Wakilala kifudifudi na kukaza mkanda, kundi zima linahamia juu kulia. Hapo wanaanza kuushuku mtutu, wengine hata wameshaubadilisha. Mara nyingi mtutu hauna kosa lolote. Shida iko pale kilipofungwa kijiti cha mbele.

Naandika kuhusu bunduki za mashindano ya kulenga shabaha za huku Marekani, ambako raia anaruhusiwa kuzimiliki. Nyumbani Afrika Mashariki sheria ni nyingine kabisa. Ila hesabu ya vilengeo ni ileile kwa bunduki yoyote yenye kijiti mbele na kitundu nyuma, hata ile ya upepo.

Kwenye AR-15 ya asili, iliyotokana na usanifu wa Eugene Stoner pale ArmaLite miaka ya 1950, vipande viwili vya kishikio vimebanwa kati ya kifuniko kilichopo nyuma tu ya kilengeo cha mbele na pete ya springi iliyopo kwenye shina la mtutu. Pete ya kufungia mkanda iko chini ya kilengeo chenyewe, na kilengeo kimepigiliwa pini mbili kwenye mtutu. Kwa hiyo mtutu unabeba kila kitu. Ukiegemeza kishikio kwenye gogo, umesukuma mtutu. Ukikaza mkanda, umevuta mtutu. Chuma kinapinda, kidogo sana lakini cha kutosha kuhamisha risasi.

Kishikio kinachoelea kinaondoa tatizo hilo kwa kushikwa sehemu moja tu, nyuma, kwenye nati inayofunga mtutu. Kuanzia hapo hadi mbele hakigusi mtutu popote. Vuta mkanda utakavyo, mtutu hautasikia. Ndiyo maana karibu kila bunduki ya mashindano sasa inaelea.

Lakini nguvu ya mkono na mkanda haijatoweka. Imehamia kwenye kishikio, na sasa kishikio ndicho kinachopinda. Ukiwa na darubini iliyofungwa juu ya mwili wa bunduki, hilo halikuhusu, maana darubini na mtutu vyote vimeshikwa na mwili uleule. Ukiwa na kijiti cha mbele juu ya kishikio, linakuhusu moja kwa moja. Kijiti kinashuka pamoja na kishikio, mtutu unabaki palepale, nawe bila kujua unainua bunduki ili kijiti kirudi katikati ya kitundu. Unayapatanisha macho na kitu kilichopinda.

Ndiyo sababu ya lile kundi la juu kulia. Anayelenga kwa bega la kulia anavaa mkanda mkono wa kushoto, na mkanda unavuta kishikio chini na kushoto. Kijiti kikienda chini kushoto kuliko mtutu, risasi zinakwenda kinyume chake. Kinyume chake pia ni kweli: ukiegemeza ncha ya kishikio kwenye miguu miwili ya kusimamishia bunduki (bipod) na kuikandamiza, kishikio kinasukumwa juu na risasi zinashuka.

Hebu tupige hesabu, maana watu hudhani nazungumzia vitu vya kinadharia. Chukua umbali wa milimita 500 kati ya kitundu na kijiti, ambao ndio takribani umbali wa bunduki ndefu ya aina hii. Kijiti kikihama milimita 0.145 tu, risasi inahama dakika moja ya pembe, yaani sentimita 2.9 kwa kila mita 100. Sasa kihamishe milimita 0.3, unene wa karatasi tatu za printa. Kwenye yadi 600, ambazo ni mita 549, risasi inatua sentimita 33 kutoka pale ulipolenga. Shabaha ya MR-1 inayotumika kwa umbali huo ina duara la 10 lenye kipenyo cha inchi 12. Risasi iliyopaswa kuingia katikati kabisa sasa inahesabiwa 7. Umepumua vizuri, umevuta triga vizuri, na umepoteza pointi tatu kwa sababu ya alumini.

Milimita 0.3 si nyingi hata kidogo kwa kishikio chembamba. Karakanani nina geji ya saa yenye kikono cha sumaku, ile ambayo wachongaji vyuma wanapimia vyuma vinavyozunguka. Nikishahakikisha bunduki haina kitu, bolti iko nyuma na chemba nimeikagua kwa jicho na kwa kidole, ninakaza kikono kwenye mtutu, karibu na mdomo, kisha naweka ncha ya geji juu ya reli ya kishikio (ule ukanda wenye meno wa kufungia vilengeo), ubavuni mwa kijiti. Namwomba mwenye bunduki alale chini, avae mkanda na aukaze kama anavyoukaza mashindanoni. Sindano inasogea mbele ya macho yake. Akilegeza, inarudi. "Kaka, mtutu huu umechoka, nibadilishie tu," kijana mmoja aliniambia kabla ya kipimo hicho. Nikamjibu, "Ngoja kwanza tuupime, mdogo wangu." Alipoiona sindano ikitembea hakuuliza tena habari za mtutu.

Hapa pana mtego mwingine, nao ni ule wa kurefusha. Watu wanapenda kishikio kirefu kwa sababu kinaongeza umbali kati ya vilengeo, na umbali mkubwa unapunguza makosa ya jicho. Hilo ni kweli. Lakini boriti iliyoshikwa upande mmoja, ikivutwa kwenye ncha, inapinda kwa kadiri ya urefu wake mara tatu: urefu zidisha urefu zidisha urefu. Kishikio cha inchi 15 kikivutwa nchani kwa nguvu ileile kinapinda karibu mara mbili ya kile cha inchi 12 chenye umbo na unene uleule. Umbali wa vilengeo umeongezeka robo au pungufu, mpindo umekuwa maradufu. Kama hutumii mkanda na huegemezi ncha, refusha na utafaidika. Kama unatumia mkanda, kishikio kirefu chembamba kinakutoza zaidi ya kinavyokulipa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu wa mashindano ni huu: kijiti kibaki kwenye mtutu, kishikio kielee kukizunguka, na mkanda ufungwe kwenye kishikio. Mafundi wa bunduki za mfano wa jeshi zinazopelekwa kwenye mashindano ya taifa ya Camp Perry, hapa Ohio, walilijua hilo zamani. Walificha bomba la chuma linaloelea ndani ya vishikio vya kawaida vya plastiki, wakaihamishia pete ya mkanda kwenye bomba hilo, na kilengeo cha mbele wakakiacha kwenye mtutu. Kwa nje bunduki inafanana na ya jeshi, kwa ndani kila kitu kimetenganishwa. Tangu 2016 darubini zinaruhusiwa kwenye daraja hilo la bunduki za mfano wa jeshi, na wengi wamehamia huko, lakini mpangilio ule kwa vilengeo vya chuma sijauona ukishindwa.

Kama bloku yako ya gesi, kile kipande kilichofungwa kwenye mtutu kinachopeleka gesi kwenye bomba la gesi, ina reli juu yake, unaweza kufunga kijiti hapo, ila angalia mambo mawili. Reli ya bloku nyingi iko chini kuliko reli ya mwili, hivyo unahitaji kilengeo kilichotengenezwa kwa kimo hicho. Cha kimo cha kawaida kitakulazimisha kukizungusha kijiti juu hadi nyuzi ziishe. Na kiwe cha chuma. Bloku ya gesi inachemka, na plastiki hailipendi joto hilo.

Wengine hawana njia hiyo, kwa sababu kishikio chao kimeifunika bloku. Basi kifungwe kwa uangalifu. Nati ya mtutu ya kawaida inakazwa kati ya futi-pauni 30 na 80, na tundu lake likae sawa na bomba la gesi ili bomba lipite bila kugusa meno ya nati. Bomba likigusa, mtutu hauelei tena, hata kama kishikio kimeandikwa kuwa kinaelea. Chagua kishikio kinachoishika nati kwa urefu mkubwa na chenye vidole vya kukizuia kisizunguke. Kuzunguka ndiko kunakoua ziro, yaani ule urekebishaji wa vilengeo unaofanya risasi itue unapolenga, kuliko kupinda. Kijiti kiko takribani milimita 66 juu ya mhimili wa mtutu, kwa hiyo kishikio kikijizungusha digrii moja tu, kijiti kinakwenda pembeni zaidi ya milimita moja, karibu dakika nane za pembe. Sehemu ya kumi ya digrii, ambayo jicho halioni, inakula karibu dakika moja.

Mimi hulaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya reli mbili, ya mwili na ya kishikio, nikiangalia mwanga usipite chini yake, ndipo ninakaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo. Skrubu zioshwe mafuta na zipakwe gundi ya kufungia nyuzi. Kilengeo nacho kina kanuni yake: mfereji wa reli ya Picatinny, ile reli ya kawaida ya kufungia vifaa, una upana wa milimita 5.23, na boliti ya kilengeo inayoingia humo huwa nyembamba kidogo, kwa hiyo pana nafasi ya kucheza. Kisukume kilengeo mbele hadi boliti iguse ukuta wa mfereji, ukishikilie hivyo, ndipo ukaze. Kisha piga mstari wa rangi kati ya kichwa cha skrubu na chuma. Mstari ukivunjika, utajua kimelegea kabla hujapoteza mechi.

Pete ya mkanda irudishe nyuma kadiri mkono wako unavyoruhusu. Kila sentimita unayoitoa kwenye ncha inapunguza mpindo.

Kisha kaa renji na upige ziro ukiwa katika hali utakayoshindania. Hili watu hulipuuza kuliko yote. Ziro ya mezani ni ya mezani. Lala, vaa mkanda kwenye tundu lilelile la siku zote, uandike namba ya tundu hilo kwenye daftari lako, upige risasi kumi. Baada ya hapo piga kumi nyingine bila mkanda, bunduki ikiegemea mfuko ulio karibu na magazini. Makundi mawili yakiwa na ukubwa uleule lakini yamekaa sehemu tofauti, kishikio kinapinda na kurudi, na unaweza kuishi nacho mradi mkazo wa mkanda haubadiliki. Kundi la mkanda likitawanyika huku la mfukoni likibana, ama mkanda wako haukazwi sawa kila mara, ama kuna skrubu iliyolegea. Anza na skrubu, maana hiyo unaikagua kwa kutazama ule mstari wa rangi.