Je, wajua kwa nini gasketi ya kioo ikichakaa moto wa jiko la peleti hulegea?

Muulize mtu gasketi ya mlango wa jiko, yaani kile kitepe au kamba laini ya kuziba upenyo, ina kazi gani, atakwambia inazuia moshi usitoke. Kwenye jiko la peleti, lile la kupasha nyumba joto kwa kuchoma vijiti vya vumbi la mbao, hilo ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo. Muda wote jiko linapowaka, kazi kubwa ya gasketi ni kuzuia hewa ya sebuleni isiingie ndani kwa njia isiyo yake.

Majiko haya yalianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda muongo uliotangulia na watu kutafuta namna nyingine ya kupasha nyumba joto. Siku hizi yamejaa Italia, na yapo pia katika majimbo ya baridi kali kama Maine, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi zimehamia. Aina mojawapo imeundwa iingie ndani ya meko ya zamani ya matofali, yale ya ukutani. Mwili wote unamezwa na ukuta, bomba la moshi linapanda ndani ya dohani iliyokuwepo, na kinachobaki machoni ni uso wa jiko na kioo chake.

Peleti zenyewe ni vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vijiti vyenye unene wa milimita 6 hivi. Mota huzungusha skrubu ndefu inayozibeba kutoka kwenye tangi na kuzidondosha kidogo kidogo ndani ya kibakuli cha chuma chenye matundu. Moto huwaka humo. Feni iliyo upande wa kutolea moshi hunyonya hewa, na hewa hiyo imepangiwa njia: ipite kwenye matundu ya kibakuli, ichome peleti, kisha itoke nje na moshi.

Sasa toboa mrija wa soda katikati, halafu unywe. Unavuta kwa nguvu ile ile, lakini unachopata mdomoni zaidi ni hewa. Ndivyo jiko linavyofanya pale utepe unaozunguka kioo unapokauka na kukatika. Feni haijapungua nguvu, ila sehemu ya hewa inaingilia ukingoni mwa kioo na kupita juu ya moto bila kugusa kibakuli. Kwa hiyo moto unakosa hewa huku tumbo la jiko limejaa hewa. Ndimi zinakuwa ndefu, za rangi ya chungwa iliyokolea, zinacheza kivivu na kutoa masizi, na peleti zinarundikana kabla hazijaungua. Majiko mengi yana swichi inayopima mvuto huo wa hewa. Ukishuka mno, skrubu inasimama na jiko linazimika. Wengi hapo hulaumu feni au peleti, wakati mkosaji ni kitepe cha pesa kidogo.

Moshi nao una siku yake. Umeme ukikatika feni inasimama, na ufa ule ule uliokuwa ukiingiza hewa unaweza kutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Kengele ya gesi hiyo iwepo hata kama gasketi ni mpya.

Mlango una gasketi mbili, na watu huzichanganya. Moja ni kamba nene ya mviringo, iliyo pale mlango unapokutana na mwili wa jiko. Hiyo hupimwa kwa karatasi: ibane kwenye mlango, ivute, ikitoka kirahisi, kamba imechoka. Ya pili ni utepe mwembamba kati ya kioo na fremu, ambao karatasi haiwezi kuufikia. Washa kijiti cha udi na ukipitishe polepole ukingoni mwa kioo jiko likiwa linawaka. Panapovuja, moshi wa udi utainama na kunyonywa ndani. Ishara nyingine ni kioo kinachogongagonga ukikigusa kwa kidole wakati jiko limepoa.

Kwa nini basi kioo kisibanwe moja kwa moja na chuma? Kwa sababu si kioo cha dirisha. Mwaka 1953, mkemia Donald Stookey wa kampuni ya Corning aliweka kipande cha kioo kwenye tanuri, nalo likapitiliza hadi nyuzijoto 900 hivi badala ya 600. Alipokitoa kikamponyoka, kikaanguka sakafuni bila kuvunjika. Hapo ndipo ilipoanza jamii ya vioo vya seramiki, na vile vya milango ya majiko karibu havitanuki kabisa vikipata joto. Chuma hutanuka. Fremu ya sentimita 40 ikipanda joto kwa nyuzi 300 huongezeka karibu milimita 1.4, ilhali kioo hakiongezeki hata sehemu ya kumi ya milimita. Utepe laini wa nyuzi za kioo ndio unaobeba tofauti hiyo kila jiko linapowaka na kupoa.

Ukijua hilo, kazi ya kuubadilisha inaeleweka yenyewe. Jiko liwe limepoa kabisa na waya umechomolewa. Ng'oa mlango kwenye bawaba, ulaze juu ya taulo. Kinachosumbua ni skrubu za vibano vinavyoshikilia kioo: zimepikwa na moto misimu kadhaa, na ukizilazimisha vichwa vinakatika. Zipake mafuta ya kulegeza kutu, uziache zilale nayo. Kwangua utepe wa zamani na gundi yake mpaka chuma kibaki safi. Vaa glavu na barakoa, kwani nyuzi hizo huwasha ngozi na koo.

Utepe mpya uwe na upana na unene uleule wa awali, na ubandikwe bila kuvutwa. Ukivutwa hukonda, halafu hurudi na kuacha pengo kwenye maungio, yaani unarudi ulikotoka. Ncha zikutane bila kupandana. Na kabla ya kuziba pande zote nne, angalia wa zamani ulikaaje: baadhi ya majiko yameachiwa upenyo kwa makusudi juu ya kioo, hewa ishuke ikipangusa masizi. Ukiuziba huo, kioo kitakuwa cheusi upesi.

Skrubu zikazwe kwa zamu, kutoka kona hadi kona ya mkabala, ziishie pale kioo kinapoacha kucheza. Anayekaza kwa nguvu za kufunga tairi atakisikia kikipasuka, pengine si siku hiyo bali fremu itakapopata joto. Moto wa kwanza utatoa harufu ya gundi kuungua, fungua dirisha. Gundi ile ilikuwa ya kushikilia utepe wakati wa kufunga tu, baada ya hapo vibano vinatosha. Jiko likishapoa, rudia skrubu kwa mkono mwepesi, maana utepe mpya hulala kidogo baada ya joto la kwanza.